Mama Hakuwa Akikoroma Tu

Sekei, Arusha
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Brayson,

Kama ungekuwa hapa mbele yangu ungeniamkia, kwa hiyo marahaba. Hujambo? Maria hajambo? Natumaini baridi ya Hamburg imewapa nafasi na mnaamka salama. Sisi huku tupo. Masika yamekwisha, mlima umejifunika wingu tangu juzi, na asubuhi tunavaa sweta juu ya sweta. Migomba ya nyumbani Akheri imebeba vizuri mwaka huu. Emmanuel wangu amefaulu mtihani wa muhula, na sauti imeanza kuwa nzito, akisema "shikamoo" unageuka kutazama ni mzee gani ameingia.

Hayo ndiyo mema. Nimeyatanguliza kwa sababu Mama alitulea tuanze na salamu hata kama tuna kinyongo. Na mimi ninacho, Brayson. Nimekasirika na wewe kiasi kwamba nimeanza barua hii mara kadhaa nikaichana.

Najua utajiuliza kwa nini barua, siku hizi, wakati simu zipo. Kwenye simu hatuwezi. Nikianza tu, unaniambia mtandao unasumbua, halafu kimya. Kwenye grupu la ukoo nilishajitoa, na najua umepewa taarifa. Karatasi haina mtandao wa kusumbua. Naisiae, binti wa jirani yetu, anakuja huko Ujerumani kusoma. Nimemwambia akukabidhi mkononi. Kaa chini uisome yote. Na kabla hujaanza kujihami: humu ndani hakuna ombi la hela.

Unaikumbuka Krismasi ile uliyokuja na Maria? Tulikula pale nyumbani Akheri, watu wakashiba, Mama akajiegemeza kwenye kochi mchana kweupe akasinzia. Alikuwa ameamka kabla ya jogoo kukupikia wewe ndizi za nyama unazozipenda. Ukatoa simu. Ukamrekodi anavyokoroma, mdomo wazi, kitenge kimemteremka begani, na nyuma yake sauti yako inasema, "Sikieni trekta la Akheri limewaka!" Kila mtu sebuleni alicheka. Mimi nilikuwa jikoni, nilisikia kicheko nikadhani mnataniana kama kawaida yenu.

Ukaituma kwenye grupu. Binamu yetu Lucky, ambaye hajawahi kuona kitu akakinyamazia, akaisukuma kwenye grupu la kwaya. Kwaya ya Mama! Jumapili iliyofuata vijana wa besi wakawa wanamsalimia, "Mama Trekta, habari za shamba?" Alicheka nao. Unamjua Mama anavyocheka akiwa ameumia, anajifunika mdomo kwa kiganja na kutazama pembeni.

Wewe ulipanda ndege ukaenda zako. Mimi ndiye niliyebaki nikaona kilichofuata. Semina ya akina mama ya Usa River, ambayo hajawahi kuikosa tangu tukiwa watoto, hakwenda. Nikamuuliza sababu, akasema magoti. Safari ya kwaya akasema magoti. Kuja kulala kwangu Sekei akasema nani atakamua ng'ombe. Ikanichukua muda mrefu kuelewa kwamba hakutaka kulala mahali ambapo mtu mwingine angemsikia. Mwanamke aliyetulea sisi, Brayson, alikuwa anaona aibu kulala.

Nikaja kugundua kwamba hata kitandani kwake haendi. Anakaa kwenye kile kiti cha Baba, anajifunga shuka, anasinzia ameketi, ili asikorome. Asubuhi kichwa kinamgonga, miguu imejaa maji. Mchana anasinzia akimenya ndizi, kisu mkononi. Wenzake wakaanza kusema Mama Brayson siku hizi anakunywa. Mwingine akasema ametupiwa kitu. Kila mtu alikuwa na maelezo, na hakuna hata mmoja aliyesema huyu mama apelekwe hospitali, kwa sababu tayari tulishakubaliana kwamba kukoroma kwake ni kichekesho.

Sasa nakuja kwenye kipaimara cha Emmanuel, mwezi Novemba. Wewe uliambiwa "Mama alianguka kidogo". Aliyekuambia alikuficha, na wewe hukutaka kuuliza zaidi. Nitakuambia ilivyokuwa.

Tulikuwa uani kwa Mama, maturubai yamefungwa, watu wamejaa, sahani za pilau zinapita. Mama alikaa meza ya mbele pamoja na mchungaji, amevaa ile suti ya kitenge cha kijani. Risala ya wazazi wa ubatizo ikawa ndefu, na Mama akasinzia. Akaanza kukoroma. Lucky, ambaye nilimpa kipaza sauti awe mshereheshaji kwa sababu hakutaka malipo, akakisogeza karibu na mdomo wa Mama.

Uani kote ikasikika. Watu wakacheka mpaka wengine wakaweka sahani chini. Halafu mkoromo ukakatika. Ghafla, kama mtu amezima redio. Lucky akasema, "Mafuta yameisha!" Wakacheka tena. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la kunawia, namtazama Mama. Kifua kinainuka na kushuka, tumbo linapambana, lakini hewa haipiti. Hakuna sauti. Kipaza sauti kiko pale pale mdomoni kwake na hakitoi kitu. Nikaona midomo yake inabadilika rangi. Nikaanza kupita katikati ya viti.

Kabla sijamfikia alishtuka kwa pumzi moja kubwa, kama mtu aliyetolewa majini. Akafungua macho, akawaona watu wote wanamtazama na kucheka. Akasimama haraka, kwa aibu. Mkono akauweka kifuani. Akasema, "Elinipa, moyo wangu unakimbia wapi?" Akaanguka juu ya meza ya keki.

Na bado kuna waliocheka, Brayson. Walidhani anaigiza.

Jirani yetu Sironka ndiye aliyeleta gari mpaka ndani ya uwanja, akakanyaga maua na vigingi vya turubai, tukampakia. Njiani nilimshika mkono, kwenye kifundo. Ungeshika mapigo yale usingesahau. Mara yanakimbia, mara yanapotea, mara mawili yanakuja pamoja, hayana mpangilio wowote. Nilikuwa naomba kwa sauti huku nimevaa skafu ya sherehe.

Hospitali walimfunga nyaya kifuani wakatoa kile kipimo cha umeme wa moyo. Daktari aliyetupokea anaitwa Namnyaki, mama mmoja mfupi asiyepoteza maneno. Akatuambia moyo umepoteza mdundo wake, vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kusukuma damu sawasawa. Wakampa dawa, mbio zikapungua. Kesho yake daktari akaja, akaketi kitandani kwa Mama, akamuuliza, "Mama, usingizi wako ukoje?"

"Nalala vizuri, mwanangu," Mama akasema. "Namshukuru Mungu."

"Unakoroma?"

Mama akageuzia uso ukutani. Daktari akanitazama mimi. Nikasema anakoroma, na jana kabla ya kuanguka pumzi ilikatika. Akaniuliza kama nina namna ya kumwonyesha. Sikutaka, lakini nilitoa simu nikamfungulia video yako.

Aliitazama mpaka mwisho. Akairudisha mwanzo. Mara ya pili akaiweka karibu na sikio, akafunga macho. Alipomaliza aliniuliza, "Hawa wanaocheka ni kina nani?"

Nikasema, "Ni ndugu zake."

"Umesikia hapa, wanapocheka sana? Hapa mama yako havuti pumzi."

Nilitamani ardhi inifunike kwa niaba yako. Nimeitazama video hiyo tena tangu siku ile, na ni kweli. Sauti yako inasema "limezimika, lipigeni starta", na wakati unasema hivyo Mama anakabwa. Ulikuwa umesimama hatua moja kutoka kwake. Ulikuwa na ushahidi wa ugonjwa wake mkononi, ukautia vikatuni vya kucheka ukautuma.

Daktari alinieleza taratibu na nitakueleza vilevile, kwa sababu wewe ulikwisha kujipa udaktari. Kuna watu ambao wakilala, njia ya hewa kooni inalegea na kujifunga. Mkoromo ni hewa inayojipenyeza kwenye nafasi ndogo. Ukikatika ghafla ujue nafasi imefungwa kabisa. Hewa safi inapungua kwenye damu, ubongo unapiga kengele, moyo unashtuliwa, mtu anazinduka nusu, anavuta pumzi, anasinzia tena. Halafu inaanza upya, usiku mzima, na mwenyewe asubuhi hakumbuki. Presha inapanda. Kila mara mtu anapovuta na hewa haiji, kifua kinaunyonya moyo na kuuvuta. Miaka ikipita vile vyumba vya juu vinatanuka, vinapata makovu, umeme wake unavurugika. Hapo moyo unaanza kutetemeka ovyo. Na damu inayozubaa ndani ya moyo unaotetemeka inaweza kuganda, donge likasafiri mpaka kichwani.

Si kila anayekoroma ana ugonjwa huu, alisema hivyo waziwazi. Na moyo kuvurugika kuna sababu nyingine nyingi, umri na presha zikiwemo. Lakini alisema wagonjwa wa mdundo wa moyo wenye shida hii ya usingizi ni wengi kuliko watu wanavyodhani, na ukitibu moyo ukaliacha koo, moyo unarudi kule kule.

Mama alivalishwa kifaa alale nacho, majibu yakathibitisha. Akapewa dawa za moyo, dawa ya kuzuia damu isigande, na mashine ya kulalia. Ni kiboksi kama redio ndogo, kina mpira na barakoa ya puani, kinapuliza hewa ili koo lisijifunge. Umeme ukikatika tunakiunganisha kwenye betri ya sola. Wiki ya kwanza alikichukia, alisema anahisi kama anapulizwa na upepo wa Ngaramtoni. Wiki ya pili, nikiwa bado nalala kwake, akaniamsha yeye. Alikuwa amefagia uani, amechemsha maziwa, anaimba. Akaniambia, "Elinipa, kumbe watu huwa wanalala hivi?"

Alianza kupanda tena kwa miguu mpaka kanisani. Alirudi kwaya, safu ya alto. Kijana mmoja alipomwita Trekta, alimjibu, "Trekta limetoka gereji, sogea lisikukanyage." Nilikuwa na Mama yangu tena, Brayson. Novemba ilikuwa imenitisha, lakini kufikia Februari nilikuwa nimeanza kukusamehe bila wewe kujua.

Halafu mwezi Machi ukampigia simu.

Sikuwepo. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia wiki hiyo, akikutetea. Ulimwona kwenye video amekaa kitandani na barakoa, ukacheka, ukamwambia anafanana na rubani. Ukamwambia huko mliko watu wenye mashine hizo ni wanene na wavivu, na kwamba yeye ni mwanamke wa mlimani, afunge kula, anywe maji ya limao, aombe. Na ile dawa ya damu, ukamwambia ni sumu ya panya. Ulisoma wapi? Kwenye simu, ukiwa umekaa ndani ya treni?

Nilimuuliza daktari baadaye, naye hakunificha. Ni kweli kuna sumu za panya zinazotengenezwa kwa kitu cha jamii hiyo, na ndiyo maana Mama alikuwa anapimwa damu mara kwa mara, wapate kipimo kinachomlinda bila kumdhuru. Ukweli wako ulikuwa nusu. Ungeuliza, ungepewa nusu ya pili.

Unajua kilichoniuma? Mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Mimi nakaa kwenye benchi, namfulia, nabishana naye kuhusu chumvi. Lakini wewe ni mtoto wa kiume na uko Ulaya, kwa hiyo neno lako moja kwa simu lilizidi miezi yote ya maneno yangu na ya daktari. Mama aliizima mashine akaifunika kwa kitambaa cha kushona kama televisheni. Vidonge akawa anavitupa kwenye migomba. Na akanificha kwamba ameacha, kwa sababu hakutaka nigombane na wewe.

Jumanne baada ya Pasaka nilipanda Akheri kumpelekea mkate. Alikuwa ananimiminia chai. Chai ikajaa kikombe, ikafurika sahani, ikamwagika mezani, na yeye anaendelea kumimina. Nikasema, "Mama, imetosha!" Akanitazama. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka. Akafungua mdomo aniite, jina langu halikuja. Alijaribu na kujaribu. Alitoa sauti kama mtoto, machozi yakaanza kumtoka jicho moja.

Kiharusi, Brayson. Umeambiwa "presha ilipanda". Ni kiharusi. Donge lilitoka moyoni likaenda kichwani, hivyo hivyo daktari alivyotuonya. Dk. Namnyaki aliponiuliza dawa alimeza mara ya mwisho lini, nikasema naenda kuhesabu vidonge. Nikaenda nyumbani, nikainua kile kitambaa, mashine ina vumbi. Nilikaa kitandani kwake nikapiga kelele mpaka Sironka akaja mbio akidhani amekufa.

Tuliwahi, ndiyo maana bado tunaye. Mguu umerudi, anatembea kwa fimbo. Mkono wa kulia unashika kijiko lakini haujarudia sindano ya kushonea. Maneno ndiyo kazi. Yapo kichwani, unayaona machoni, ila njia imekuwa mbaya. Mbuzi anamwita kiti. Emmanuel anamwita "yule, yule wetu". Cha ajabu nyimbo hazikupotea. Akianza wimbo wa kanisani anauimba wote mpaka ubeti wa mwisho, na mara tu wimbo ukiisha anakwama kuomba maji. Barakoa anaivaa kila usiku sasa, hangoji kukumbushwa. Dawa anameza mbele yangu na kunifungulia mdomo nione.

Lucky alikuja kuomba radhi. Alipiga magoti pale uani, mwanamume mzima, akalia kamasi zikamtoka. Video ameifuta, na kwenye kwaya alisimama akasema mbele ya watu alichokifanya. Wewe ulituma nini? Ulituma picha ya mikono iliyofumbatwa kwenye grupu, na maneno "tumwombee Mama, Mungu ni mwema". Ndiyo siku niliyojitoa.

Sasa nifikie kilichonifanya nikuandikie leo.

Juzi nilimwambia Mama ninakuandikia, nikamuuliza anataka nikuambie nini. Kusema kweli nilitarajia neno zito. Nilitaka aseme kitu ambacho kingekukalisha chini, kwa sababu langu umelizoea. Akanishika pindo la sketi, akaanza kutafuta. "Maria," akasema. Nikamwambia ndiyo, Maria, mke wa Brayson. "Maria… analala?"

Nikadhani amechanganya maneno tena. Nikamwambia ni mchana, Mama, Maria yuko kazini. Akatikisa kichwa kwa hasira, akagonga fimbo. Akanionyesha koo lake. Halafu akaonyesha picha yako ukutani, ile ya harusi, shingo yako imejaa kwenye kola.

Nilimpigia Maria jioni hiyo hiyo. Usimgombeze, mimi ndiye niliyemlazimisha. Akaanza kwa kusema mko salama. Nilipomuuliza kama unakoroma alicheka, kisha akalia. Amesema anakaa macho akikuhesabia pumzi. Amesema pumzi inakatika mpaka anakupiga kiwiko. Amesema ulisinzia ukiendesha gari mkaingia kwenye uzio wa watu, na ukamkataza kutuambia.

Brayson, Baba alilala Jumapili mchana baada ya chakula, hajafika hata miaka sitini, na hakuamka. Tuliosema amerogwa tulisema, tuliosema siku yake imefika tulisema. Daktari amekataa kunitajia kilichomuua mtu ambaye hakumwona, na yuko sahihi. Lakini mimi na wewe tulilala chumba cha pili, ukuta wa mbao, na tunajua Baba alikuwa anakoroma vipi.

Basi nakuambia kama dada yako mkubwa niliyekubeba mgongoni: nenda hospitali. Wewe unakaa kwenye mji ambao kipimo hiki kipo, na badala ya kukitumia unawapigia watu simu kuwazuia wasitibiwe. Waambie unakoroma na pumzi inakatika. Waambie mama yako moyo wake umevurugika mdundo. Wakikupa mashine, ivae. Ufanane na rubani. Usiendeshe gari mpaka wakuruhusu, na kama hunisikii mimi, Maria amenihakikishia funguo kazificha.

Mama amekusamehe hata kabla hujaomba. Ndivyo alivyo, sina la kufanya. Mimi sijakusamehe. Natarajia itanichukua muda, na ni kazi ninayotaka kuifanya ukiwa hai. Ukishapimwa nipigie, safari hii usikate, nikugombeze mpaka nimalize.

Emmanuel anakuamkia, na Sironka anauliza lini utakuja umlipie maua ya Mama aliyoyakanyaga. Lucky anaona haya kukutumia salamu lakini nazituma kwa niaba yake. Mkumbatie Maria, umwambie wifi yake amesema apumzike, zamu yake imekwisha.

Mungu aliyemzindua Mama kila pumzi ilipomkatika, miaka yote ile tusiyojua, akuzindue na wewe.

Dada yako akupendaye, hata leo,

Elinipa